Mwaka wa Ushuhuda wa Kioko

Mama Neema alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti juu ya turubai, shazia, ile sindano nene ya kushonea, mkononi, jua la saa nne likichoma kama la saa saba. Sikusimama. Nilibana simu kati ya sikio na bega nikaendelea kushona, maana mwenye lori alikuwa kibandani mwangu anakunywa chai na alitaka kuuwahi msafara wa Wajir. Mama Neema akasema mumewe, Mchungaji Obadia, ametutoka. Amefia kwao Meru, figo zilikuwa zimechoka, hakuteseka sana mwishoni. Nikasema pole, Mama, nikamaanisha, kwa sababu huyo mama alinilisha. Kisha akaja kwa lile lililomfanya anipigie mimi kabla ya wengi. Watamzika huko juu, lakini kanisa la Garissa litamfanyia ibada ya ukumbusho, na wanataka mtu asimame atoe ushuhuda jinsi Mchungaji alivyotutoa kwenye genge. "Umebaki wewe tu, Mwende," akasema. Alisema kwa wema, najua. Lakini mimi nilikaa na hilo neno siku nzima. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini nimebaki mimi tu. Basi nitasema hapa, mimi niliyeachia shule darasa la sita, na majina nitayataja. Nimechoka kuyabeba.

Mambo ya kwetu na ya wazazi wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba na siku zangu zilikuwa zinaishia nyuma ya soko la mbuzi, pamoja na vijana ambao mji mzima uliwaita Wakata Turubai. Malori ya kwenda Wajir na Mandera yalikuwa yanakusanyika nje ya mji yakingoja askari wa kuyasindikiza, na kabla ya kufika hapo kuna mahali barabara ilikuwa inaingia kwenye mchanga na malori yanatambaa kama mtu mgonjwa. Hapo ndipo vijana walikuwa wanarukia kwa nyuma, wanapasua turubai, wanaangusha magunia ya sukari na marobota ya nguo. Mpasuaji alikuwa Kioko, Mkamba mwenzangu, mwembamba, mkono mwepesi, mtu wa kucheka hata kabla mzaha haujaisha. Gedi, Msomali wa hapa hapa mjini, kazi yake ilikuwa kukaa na madereva kwenye vibanda vya chai na kujua nani amekesha na miraa na nani atasinzia. Mimi nilikuwa navaa buibui na kuvuka soko na mali chini yake, kwa sababu hakuna askari angethubutu kumpekua mwanamke wa buibui mbele ya wanaume wa soko. Kanisani nilikuwa sijulikani, lakini ndani ya lile vazi nilikuwa binti ya kila mtu. Wauza maziwa ya ngamia waliniita abaayo, dada, wakanisogezea kivuli.

Jioni moja Kioko alipasua turubai akakuta utingo amelala juu ya magunia. Utingo akaamka, wakakamatana. Kioko alimsukuma ili ajinasue, na yule kijana akaanguka nyuma ya lori lao, mbele ya lori lililofuata. Madereva walisema alikuwa usingizini akabingirika mwenyewe. Mwenye mali alikubali, polisi walikubali, maiti ikapelekwa kwao. Hilo nataka ulishike wewe unayesoma. Hakuna aliyekuwa anatafuta mtu. Aliyejua ni Kioko, na Gedi, na mimi, na toka siku ile Kioko hakulala chini tena. Alikuwa anaegemea ukuta, ameketi, macho wazi, na ukimgusa bega anaruka. Kula alikula ameuelekea mlango. Vicheko vyake vikaisha, na Gedi akawa anasema kwamba tumebaki na ganda la Kioko, mwenyewe ameenda na lori.

Mchungaji Obadia alitujia na sufuria. Alikuwa mgeni, amehamishiwa hapa kanisa la mabati karibu na nyumba za maaskari, na waliomtangulia wote walikuwa wanatujia na Biblia na kurudi na vumbi. Yeye alibeba wali na maharagwe, akaketi juu ya tairi bovu, akaanza kula yeye kwanza. Gedi akamuuliza, na p ya Gedi siku zote ilikuwa b, v yake f, "Basta, umeleta chakula ama umeleta Yesu?" Mchungaji akasema ameleta chakula, Yesu hana haraka. "Basi mwambie atungoje," Gedi akasema, na tukala. Alikuja hivyo wiki nyingi. Halafu siku moja akaja amebeba turubai lililopasuliwa, akalitandaza chini, akaketi, akaupitisha mkono juu ya ule mpasuko mrefu ulionyooka. Hakuuliza ni wa nani. Alisema tu kwamba mtu aliyepasua vizuri hivi anaujua uzi wa turubai kuliko fundi yeyote wa hapa mjini, na yeye ana shazia na uzi wa katani nyumbani kwake, na wenye malori wana maturubai mabovu mengi. Kioko akacheka. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka.

Nyumba ya Mchungaji ilikuwa vyumba viwili. Walitoa makochi nje, wakayafunika na leso, ili turubai litoshe sebuleni, na hapo sebuleni ndipo nilipofunzwa kazi ninayokulia hadi leo. Nikifumba macho naisikia harufu yake, mafuta ya lori, vumbi, nta ya mshumaa tuliyokuwa tunapakia uzi, na vitunguu vya Mama Neema kutoka barazani, maana jikoni hapakuwa na nafasi ya watu wawili. Mtoto Neema alikuwa anatambaa juu ya turubai na sisi tunashona pembeni yake. Asubuhi tulikula anjera, mikate myembamba ya Kisomali, za jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa anazipitisha juu ya ukuta bila kusema neno, na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi ambayo Mama Neema mwanzoni alikuwa anaitapika na mwishowe akawa anaitafuta. Madereva walituletea maturubai tuliyoyapasua sisi wenyewe. Walijua. Mmoja alisimama mlangoni akamtazama Kioko akishona, akasema, "Huyu namjua mgongo," kisha akaketi akaomba maji. Kioko alishona ameinamisha kichwa, mishono midogo midogo, ukimwaga maji hayapiti. Usiku bado alikuwa anaegemea ukuta. Lakini ile ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi, na ndiyo maana hasira yangu haizeeki. Mtu akikunyima tu unasahau. Huyu alitupatia kwanza.

Gedi alikuwa haingii kanisani. Alikula na sisi, alishona na sisi, lakini Jumapili alikuwa anaketi nje ya mlango juu ya mtungi wa maji wa plastiki, anatungoja kama mtu anayewangoja wenzake nje ya hospitali. Wazee wa kwao walimjua na hawakumsumbua, na Mchungaji hakumvuta. Kwa hilo nampa Obadia haki yake.

Kisha zikaja habari za wageni. Watu wa kanisa kubwa la Nairobi walitaka kuja kuwaona vijana wa Garissa walioacha wizi, na Mchungaji akaanza kutuandaa. Siku hizo hizo Kioko alikuwa amemwambia habari ya utingo, wao wawili tu, na akalia hadi Mama Neema akazima redio. Nilidhani imeishia hapo. Kumbe Mchungaji alimwambia kwamba jambo kama hilo halitoki kwa kunong'onwa sebuleni, litatoka likisemwa mbele ya kanisa, hapo ndipo atalala. Ndivyo watu wetu walivyo. Kwetu mtu hajaokoka mpaka asimame mbele aseme alikotoka, na kadiri alikotoka kulivyo kubaya ndivyo vigelegele vinavyokuwa vingi. Tukawa tunafanya mazoezi mezani, wali ukipoa. Usiseme tu ulikuwa mwizi, Mchungaji alikuwa anasema. Sema uliiba wapi. Sema mlikuwa mnafanyaje. Watu waone Mungu amekutoa wapi.

Gedi alisikia mazoezi hayo kutoka nje. Tulipotoka alimwuliza Kioko kama ni kweli atasema. Kioko akasema ndiyo.

"Kwetu ukikosa na Mungu akakufunika, unatubu wewe na yeye, basi. Hujifunui," Gedi akasema. "Wewe unaenda kujifunua mbele ya bolisi?"

"Si polisi, ni kanisa."

"Kioko, mimi naketi kwa huu mlango kila Jumabili. Nawaona wakiingia. Yule bolisi. Yule bolisi. Yule askari jela. Yule wa ofisi ya DC. Wakifaa shati ya maua wanakuwa watu wengine?"

Na Gedi alikuwa amesema kweli tupu ambayo sisi, kwa kuizoea, hatukuiona. Katika mji huu Wakristo ni nani? Ni walioletwa na kazi. Mwalimu, muuguzi, mjenzi, karani, na wale wa bunduki. Kanisa lile lilikuwa serikali nzima, imevua kofia. Na kwenye benchi la mbele, mzee wa kanisa, mshika sadaka, mtu wa sauti nzito ya kuongoza nyimbo, alikuwa Sajini Thuranira wa kituo chetu cha polisi.

Usidhani Mchungaji alikuwa hajui. Alasiri moja kabla ya wageni kufika nilikuwa barazani nachambua mchele, na wao walikuwa chumbani, na ukuta wa mbao hauna siri. Mama Neema alisema, "Obadia, Thuranira atakuwa pale mbele." Yeye akajibu kwamba atakuwa pale kama ndugu. "Na kesho yake atakuwa nani?" mama akauliza. Mchungaji akasema damu ya yule utingo inalia, na Kioko hawezi kuwa huru akiwa ameikalia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo wageni wanatoka mbali. Nimeyapima maneno hayo miaka yote hii. Yale ya damu nayaamini, aliyasema kwa moyo. Ila haya ya wageni ndiyo ninayoyasikia nikishona.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya joto la kuyeyusha mafuta ya nywele. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyokodishwa, wamepewa soda. Kioko alikuwa amevaa shati jeupe la Mchungaji, mikono imepinduliwa kwa sababu ni mirefu. Alianza na maturubai, jinsi lori linavyotambaa kwenye mchanga, jinsi wembe unavyoshikwa, na watu wakacheka, wakapiga makofi, akina mama wakasema Yesu. Halafu akaja kwa utingo. Akasema mahali, akasema mwezi, akasema jinsi yule kijana alivyomshika kola na jinsi mkono ule ulivyokuwa wa moto kwa sababu ulikuwa umetoka usingizini. Hayo ya mkono hata mimi nilikuwa siyajui. Ukayasikia mabati yakilia kwa jua. Wa kwanza kusimama alikuwa Thuranira. Alimkumbatia Kioko, machozi yanamtiririka, akasema Amina iliyowafikia watu wa barabarani. Nasema niliyoyaona. Alilia machozi ya kweli.

Mchungaji akaniita mimi. "Dada Mwende, njoo, naye Bwana amemtendea makuu." Nilisimama. Miguu ilinipeleka mbele na maneno yote niliyofunzwa yalikuwa mdomoni, buibui, soko, mali tuliyomuuzia nani na nani. Kutoka pale mbele unaona mlango. Gedi alikuwa amesimama juu ya mtungi wake, ananitazama, na hakutikisa kichwa wala hakuinua mkono, alinitazama tu. Nikasema nilikuwa nimepotea, Bwana amenipata, asifiwe. Nikarudi kuketi. Mchungaji alinitazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumeshaketi juu ya turubai, anjera bado zina moto. Thuranira aliingia na sare, akavua kofia kwa heshima ya nyumba. Mama Neema akamkaribisha chai, akaipokea, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akainywa yote polepole huku akituuliza habari za kazi. Alipomaliza akaweka kikombe chini. "Kioko," akasema, "vaa viatu."

Mchungaji alitoka chumbani na sabuni ya kunyoa bado shavuni. Akasema, ndugu Thuranira, yale yalikuwa maneno ya madhabahuni. Thuranira hakupandisha sauti. "Mchungaji, mimi nimeapa kwa kazi yangu. Kama ulikuwa hutaki nisikie, ungenituma nje nikahesabu sadaka." Kisha akasema jambo ambalo Mchungaji hakuwa amelifikiria, nililiona likimwingia usoni: "Hata wewe umesikia. Utaitwa."

Akaitwa. Mwaka ulikuwa unaelekea kuisha, mvua fupi zimeanza, na korti ilinuka viatu vilivyoloa. Niliketi nyuma na Mama Neema. Hapakuwa na wembe, hapakuwa na aliyeona, hata madereva walisema hawakumbuki. Palikuwa na maneno ya Kioko na watu walioyasikia, na Thuranira, wakili wa Kioko alikuwa amemsumbua kwa maswali hadi akaanza kutokwa jasho. Kisha akasimama Obadia na suti yake ya ibada. Hakimu alimwuliza kama alimsikia kijana akisema hayo. Nilitazama kisogo chake. Akafunga vifungo vya suti kimoja kimoja, nikadhani labda atakana. "Nilimsikia," akasema. Kioko alikuwa amepita miaka kumi na minane kidogo tu, kwa hiyo alifungwa pamoja na watu wazima, kifungo cha kumzeesha mtu. Mwaka uliofuata Thuranira alipanda cheo.

Mchungaji alikuja sebuleni siku moja baada ya hapo, nikiwa nashona peke yangu, kwa sababu wengine wote walikuwa wametoroka, Gedi ameenda zake kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kwa mjomba mwenye duka. Aliketi chini. Alikuwa amekonda. Akaniuliza, si kwa ukali, kama nilitaka aseme uongo mbele ya Mungu. Nikamwambia hapana, sikutaka aseme uongo. Nilitaka siku ile Kioko alipomlilia hapa sebuleni amshike mkono, amwombee, ampe chakula, amwambie basi. Alichukua shazia ya Kioko akashona nami upande wa pili hadi jioni, mishono mibaya, na alipoondoka nikaifumua.

Nilienda gerezani mara moja tu walipokuwa hawajamhamisha. Kuna wavu katikati, unasema kupitia kwenye matundu. Kioko alikuwa amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Nilikuwa nimejiandaa kumlaani Obadia pamoja naye, tuwe wawili. Akanikatiza. "Usimchukie Pasta," akasema. "Mimi nalala siku hizi, Mwende. Nalala chini kabisa, kama mtoto." Hasira niliyokuwa nimembebea ilikosa mwenyewe. Akakaa akiutazama mkono wangu, jinsi shazia ilivyonitoboa vidole, kisha akauliza kama na mimi nilisema ya kwangu, baada yake, kanisani. Yeye alikuwa amekumbatiwa na watu wakati ule, hakusikia. Nikamwambia sikusema. Akageuza macho kwa askari jela aliyesimama mlangoni, ambaye kila Jumapili alikuwa anatuimbia kwaya, akarudi kwangu, akainamia tundu.

"Usiseme," akasema.

Alikufa kwa kifua kabla kifungo hakijafika nusu, huko walikomhamishia. Habari tulizipata amekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo nilimwambia Mama Neema nitakuja kwenye ibada kupika, kusema sitasema. Akaguna tu. Kumbe ratiba ilikuwa imeshachapishwa na jina langu limo. Kanisa siku hizi ni la mawe, lina feni, na sisi akina mama tulikuwa nyuma na sufuria mbili, wali na mbuzi. Ibada ikiwa katikati akaja Thuranira na fimbo yake. Amestaafu, amebaki hapa hapa, ana gari la kuuza maji. Ana sukari, hawezi kukaa na njaa, akaomba ale kidogo kabla ya wengine. Nilimchukulia sahani. Wakati huo huo spika ikasema, dada Mwende, aliyetolewa kwenye genge, asogee mbele. Akina mama wakanigeukia.

"Wanakuita, Mwende," Thuranira akasema.

"Nimesikia, mzee."

Wakaniita tena. Niliendelea kumwekea wali, nikausawazisha na mgongo wa mwiko, nikampa sahani. Alingoja.

"Na nyama?"

"Imekwisha."

Sufuria ilikuwa wazi katikati yetu, imejaa, mvuke unatoka. Aliitazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama tangu tuanze kukutana mjini humu na kuamkiana, na nikaona anajua ananyimwa nyama kwa ajili ya nani. "Haya," akasema. Akachukua sahani yake akaenda kivulini, akaula ule wali mkavu wote. Ndani kwaya ilianza kuimba ili kujaza nafasi yangu, na jina langu hawakuliita tena.